Kiatu cha Marehemu Anschel

Antwerp, 3 Novemba 1971

Kwa shemeji yangu Anschel,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wa nyumbani mwako. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama yako bado anashuka ngazi mwenyewe, ingawa goti la kushoto linamsumbua baridi ikianza. Kila Ijumaa bado anasuka mikate ya Sabato kwa mikono yake, na ukijitia kumsaidia anakufukuza jikoni. Mwokaji wa ghorofa ya chini amemwoza binti yake. Mvua mwaka huu zimewahi.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Anwani yako niliikuta kwenye koti la Zelig, mfuko wa ndani, kwenye kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. Sikuwa najua kwamba anayo.

Shemeji, mume wangu Zelig, ndugu yako, amefariki. Ilikuwa Agosti. Alikuwa kwenye ngazi za sinagogi akikunja mwamvuli, akasema “Hebu nishikie,” basi, akaanguka. Moyo. Hatukujaliwa mtoto, na hilo pengine hukulijua.

Wewe ulisoma kuliko Zelig, kwa hiyo sina la kukufundisha. Mume akifa bila mtoto, mjane si huru mpaka ndugu wa marehemu amwachilie mbele ya waamuzi. Nikuvue kiatu, niteme mate chini mbele yako, niseme maneno yanayotakiwa, kazi imekwisha. Nusu saa haifiki. Bila hivyo nimefungwa kwako maisha yangu yote, na hakuna mtu wa kwetu anayeweza kunioa. Ndugu mwingine Zelig hana. Ni wewe tu.

Miezi mitatu inayotakiwa imeshapita, na baraza liko tayari siku yoyote. Sisemi kwamba kuna haraka. Nakuomba tu.

Shemeji yako,
Frumet Lowinger

---

Bergen, 12 Desemba 1971

Shemeji Frumet,

Salamu zimefika. Sisi wazima. “Wa nyumbani mwangu” ana jina, anaitwa Ragnhild. Binti yetu ana miaka kumi na mitatu na anabishana kama wakili. Mimi bado natengeneza meno bandia. Nusu ya Bergen inatafuna nyama ya nguruwe kwa kazi ya mikono yangu. Ukipenda mwambie Mama, acheke kidogo.

Umechelewa kupata jibu kwa sababu, unajua tena, maiti hawana haraka.

Au mmesahau? Mimi sikusahau. Mwaka hamsini na saba nilimwoa Ragnhild, si Myahudi, na wiki ile ile Baba akararua koti lake, mkafunika vioo, mkakaa chini kwenye vigoda, mkanikalia matanga ya siku saba. Mimi huku nakula samaki na mke wangu, ninyi huko mnanililia. Aliyeniambia ni muuza vitabu mmoja aliyepita hapa. Alikuja kwenu kuwapa pole! Akanikuta Bergen, nusura azimie.

Muuza vitabu huyo huyo ndiye aliyeniambia Baba amekufa, miaka miwili baada ya kuzikwa. Unaijua sheria: habari ya msiba ikikufikia baada ya siku thelathini, matanga ya siku saba yanageuka saa moja. Unavua viatu, unakaa chini saa moja, unainuka, unaendelea na kazi. Kwa Baba sikukaa hata hiyo. Sasa Zelig amekufa Agosti, wewe unaniandikia Novemba. Kwa hiyo na Zelig naye ni saa moja. Yeye nilimkalia. Hii familia yetu ina ubahili wa ajabu, inaninyima hata msiba.

Wewe wakati ule ulikuwa bi harusi wa miezi minne, shemeji. Si damu yetu, kwa hiyo hukukaa chini. Kazi yako ilikuwa kulisha wafiwa. Niambie basi, ni wewe uliyechemsha yale mayai ya kwanza ya matanga?

Kamuulize rabi wenu kama maiti huvuliwa kiatu. Mimi nijuavyo anayevuliwa viatu ni maiti mwenyewe, anapooshwa.

Anschel

---

Antwerp, 2 Januari 1972

Shemeji,

Salamu. Mama hajambo, mafua tu. Nilimwambia lile la meno. Hakucheka, ila aliuliza kama wewe mwenyewe yako bado unayo.

Nimemuuliza rabi, kama ulivyotaka. Nilisimama mbele yake nikamsomea barua yako yote, pamoja na ile ya nguruwe. Halafu akasema matanga yale hayakuwa na mguu wa kusimamia kwenye sheria hata siku moja. Zilikuwa hasira za baba, na majirani wakaona haya kumkatalia. “Yule mtu yu hai,” alisema, “ni Myahudi kama mimi, ni ndugu wa marehemu, na kiatu ni chake.”

Umeuliza habari za mayai. Ndiyo, ni mimi. Nilichemsha kumi na mawili, nikayamenya, moja likapasuka. Mama alikula nusu. Baba alikula lake lote akiwa amefumba macho. Zelig alilichukua, akaliweka mfukoni, akasema atakula baadaye. Siku ya tano ndipo nilipojua ile harufu ya chumbani inatoka wapi. Nililitupa, na hatukulizungumza tena maisha yetu yote. Nilikuwa na miaka ishirini, Anschel. Niliambiwa chemsha, nikachemsha.

Unaniadhibu mimi kwa makosa ya waliolala kaburini. Wamo wanawake hapa mjini waliosubiri shemeji mpaka nywele zikaota mvi. Nina miaka thelathini na mitano. Usidhani kuna mtu ananisubiri, hakuna. Nataka tu kuamka asubuhi nikiwa si mali ya nyumba yenu.

Tafadhali, njoo.

Frumet

---

Bergen, 9 Februari 1972

Shemeji,

Theluji imefika madirishani. Sisi wazima.

Unasema hakuna mtu anayekusubiri. Haya, hakuna mtu, na mimi ni maiti. Jina lake nani?

Ila kwa lile yai la Zelig umenipata. Nililisoma nikiwa karakana, nikalazimika kwenda kusimama nje kwenye baridi. Miaka kumi na minne namlaani ndugu yangu kwamba alikula. Ungeweza kuniambia mapema kidogo.

Nikwambie jambo. Binti yetu anaitwa Hendel. Ndiyo, jina la Mama. Najua kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai, ni kama kumwitia mauti. Nililitoa kwa makusudi, kwa hasira. Ninyi mmenizika hai, nami nikampa binti yangu jina la aliye hai, ngoma droo. Kwa sheria yenu hata si Myahudi, kwa kuwa mama yake si Myahudi. Lakini Ijumaa jua likizama ni yeye na Ragnhild wanaowasha mishumaa miwili, kwa sababu siku moja nilisema Mama huwasha miwili na hufunika macho. Nami hukaa pale nikijifanya nasoma gazeti.

Basi sikiliza masharti. Nitakuja. Nitasimama mbele ya hao wazee wenu, mnitemee mate, mniite mnavyotaka. Lakini kwanza nataka barua ya Mama kwa mkono wake mwenyewe. Sitaki aniombe radhi. Sitaki maelezo. Nataka ianze na “Mwanangu Anschel,” halafu hata akiandika bei ya vitunguu inanitosha. Barua ile ikifika, nami nimefika. Isipofika, kaa hivyo hivyo.

Anschel

---

Antwerp, 27 Februari 1972

Shemeji,

Salamu kwako, kwa Ragnhild na kwa Hendel.

Nimeweka ndani karatasi uliyoitaka. Utautambua mwandiko, nadhani. Barua yako nilimsomea mara tatu, kwa siku mbalimbali. Mara ya kwanza alitoka chumbani. Mara ya pili alisema nimsomee ile sehemu ya mishumaa. Alhamisi asubuhi aliomba kalamu.

Ameandika neno moja. Naona ni neno moja tu, usinikasirikie. Mkono wake umechoka. Usiniulize zaidi ya hapo, sina zaidi.

Ulisema ikifika utakuja. Imefika.

Frumet

---

Bergen, 20 Machi 1972

Shemeji,

Nimeliangalia wiki mbili. “Mwanangu.” Na mkia ule wa herufi ya mwisho ulioporomoka, kama alivyokuwa akituandikia orodha ya sokoni.

Kisha akaacha. Jina langu likamshinda. Nimekaa nikiwaza: kuandika “mwanangu” ameweza, kwa sababu mwana anaweza kuwa Zelig, anaweza kuwa yeyote. “Anschel” hakuweza. Kalamu yake ilifika mbele ya jina la marehemu ikagoma.

Ragnhild ananiambia nimekuwa hayawani, kwamba neno moja kutoka kwa mama yule ni kama kitabu kizima. Haya. Nakuja baada ya Pasaka. Liambie baraza Jumatano tarehe kumi na tisa Aprili. Nitapanga hoteli, usinitafutie kitanda kwa mtu.

Anschel

---

Bergen, 2 Mei 1972

Shemeji, au niseme aliyekuwa shemeji,

Nimerudi salama. Hendel alinisubiri stesheni na maua ya shambani, mengine bado na udongo.

Sijaacha kuwaza siku ile. Ninyi huko mmezoea, mimi nilikuwa nimesahau. Kile kiatu cha baraza, cheusi, kigumu, mikanda yake imesokotwa na kufungwa mafundo, wamekivalisha wanaume wangapi sijui. Walinisafisha mguu kama mtoto. Wakaniambia simama wima, egemea ukuta, kanyaga chini kwa nguvu. Ukapiga magoti. Mkono wako wa kulia ulikuwa unayavuta yale mafundo kwa pupa hata mzee mmoja akakwambia, “Taratibu, binti, hakimbii.” Wakacheka kidogo. Huyo mzee namjua. Alikuja kwetu mwaka hamsini na saba kuwapa pole ninyi kwa kifo changu. Aliniangalia kama aliyeona mtu katoka kaburini, akaangalia pembeni haraka.

Halafu mate. Halafu maneno: kwamba hivi ndivyo afanyiwavyo mtu aliyekataa kuijenga nyumba ya ndugu yake. Mimi! Nyumba ya ndugu yangu ilibomolewa na nani, Frumet? Lakini maneno yale si wewe uliyeyatunga.

Kwenye ngazi ulinifuata mbio. Uso wako ulikuwa mweupe, nikadhani unataka kunishukuru. Ukasema, “Mama hapokei mtu. Usiende, Anschel, nakuomba.”

Nilikwenda. Nilisimama ng’ambo ya barabara, mbele ya lile duka la vifungo, nikaangalia dirisha la ghorofa ya tatu kama dakika arobaini. Pazia limefungwa. Nilisema moyoni, yuko nyuma ya pazia ananiona. Mwokaji akatoka nje na aproni yake, akaniuliza, “Bwana, unamtafuta nani?” Nikamjibu, “Simtafuti mtu.” Akarudi ndani.

Basi, yamekwisha. Amenipa neno moja, akaninyima uso. Nimeukubali ubahili wake, ndiye mama niliyepewa. Ukimwona mwambie meno yangu ninayo yote.

Nawe uolewe vizuri na huyo mtu ambaye hayupo.

Anschel

---

Antwerp, 29 Mei 1972

Kwa Anschel,

Salamu kwako, kwa Ragnhild na kwa Hendel. Sikukuu ya Majuma imepita salama. Nilioka keki ya jibini, ikaungua chini.

Mtu huyo yupo. Anaitwa Kalman, mgane wa Zurich, ana watoto watatu, mdogo bado ananyonya kidole. Alikuwepo tangu Oktoba. Nilikudanganya. Harusi ni Jumanne tarehe ishirini Juni. Najaribu kusali kabla ya kusimama chini ya kitambaa cha harusi na kila nikifungua kitabu naona wewe mbele ya duka la vifungo. Kwa hiyo nakwambia.

Mama hakuwa nyuma ya pazia. Mama alifariki mwezi wa pili. Siku nilipokutumia ile karatasi tulikuwa tumeshamzika.

Angalia, sikuandika uongo. Niliandika mkono wake umechoka. Niliandika usiniulize zaidi. Nilizipima sentensi moja moja ili nisidanganye, na sasa naona uongo ungekuwa na adabu kuliko hivyo.

Niliogopa. Ulitaka Mama. Ningekwambia Mama hayupo, ungekuja kumfuata nani? Mimi? Ungesema masharti hayakutimia, ungekaa na hasira zako Bergen miaka ishirini, na mimi hapa nafungwa na mguu wako. Halafu yapo yale wanayosema wanachuoni wetu, kwamba hakuna anayelazimishwa kumpelekea mtu habari ya msiba. Nilijificha humo. Najua wanasema pia kwamba wana wa marehemu huambiwa, ili wamsomee mzazi wao sala ya wafiwa. Sehemu hiyo niliiruka.

Na nilihesabu, Anschel. Hili ndilo baya kuliko yote. Ulipoandika unakuja Aprili, nilihesabu siku kwa vidole tangu maziko. Nikaona siku thelathini zitapita kabla hujafika. Nikajisemea, afadhali, hata akijua itakuwa ni saa moja tu, si siku saba, ataumia kidogo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na usiku nililala. Wazee wa baraza niliwaambia unajua tayari na hupendi kuguswa kidonda. Mwokaji angekwambia, ungemtajia jina tu.

Sala ya wafiwa anamsomea mzee Feivel, yule anayesomea wasio na wana. Mama alizaa wana wawili.

Sikuombi msamaha.

Frumet

---

Bergen, 12 Juni 1972

Frumet,

Barua yako ilifika Ijumaa asubuhi. Nilivua viatu, safari hii mwenyewe, hakuna aliyepiga magoti. Nilirarua shati upande wa moyo. Kwa mzazi unararua hata habari ikichelewa, hilo nalo nalikumbuka. Nikakaa chini jikoni, mgongo kwenye kabati. Ragnhild aliweka sufuria, akachemsha yai moja, akaniletea kwenye kisahani. Sikuwa nimemfundisha. Sijui alilijua wapi. Nililila lote.

Hendel alikaa pembeni yangu akiangalia saa ya ukutani. Ilipotimia saa moja akasema, “Baba, imekwisha.” Nikamwambia bado. Akasema, “Ulisema saa moja.” Nikainuka. Ndiyo sheria.

Ninyi mlipata siku saba kwa mtu aliyekuwa mzima anakula samaki. Mimi kwa mama yangu nimepata saa moja, na wewe ndiye uliyenikatia. Mama alikuwa wa mwisho, na wewe ulihesabu kwa vidole. Nimejaribu tangu Ijumaa kukuhurumia, maana najua ulifungwa, na najua nani alishika kamba. Ni mimi. Mwaka jana ningekuja kwa barua yako ya kwanza, ningemkuta anasuka mikate. Nililipa kwa kiburi changu mwenyewe, na hiyo nakiri. Lakini ninapofika hapo tena nasikia ukisema, “Usiende, Anschel, nakuomba,” na huruma yote inakauka.

Sasa hivi jina la binti yangu ni halali. Amepewa jina la marehemu kama inavyotakiwa. Mmeshinda hata hapo.

Sala ya wafiwa inataka wanaume kumi, na Bergen nzima hatufiki kumi. Kilichobaki ni mshumaa wa kila mwaka siku aliyofariki, na hata siku yenyewe hukuniambia. “Mwezi wa pili,” umesema, kama mtu anayezungumzia mvua.

Niandikie tarehe kwa kalenda yetu. Usianze na salamu. Usiniambie habari za harusi. Tarehe tu, na baada ya hapo tusiandikiane.

Anschel

---

Antwerp, 18 Juni 1972

Tarehe tisa ya mwezi wa Adari, Alhamisi, asubuhi.

Saa tatu aliomba kalamu. Nilikwenda kumletea miwani. Niliporudi alikuwa ameegemea meza, kalamu bado iko mkononi, na wino wa lile neno haujakauka.

Hakuwa ameacha kuandika.

Frumet